Kilima cha Kuazima: Miaka 60 ya Pikipiki Kwenye Ngome ya Namur

Mvua za Desemba zikishakolea hapa Vwawa, njia zinazochepuka kutoka barabara kuu ya Tunduma kwenda mashambani hupoteza jina. Watu hawaulizi tena barabara ikoje, wanauliza tu, "Huko kunapitika?" Ndio msimu wa kupanda mahindi, na mbolea lazima ifike. Mfuko wa kilo 50 hulazwa nyuma ya kiti cha pikipiki ya Boxer, ukakazwa kwa mpira wa tyubu kuukuu mpaka ukatike kiuno, kisha kijana huwasha na kushuka nao bondeni.

Mwaka mmoja nilikuwa abiria wa namna hiyo, mimi na mfuko wangu. Tulipofika kwenye mlima wa udongo mwekundu ulioshiba maji, dereva akasimama.

"Mzee wangu, hapa naomba ushuke. Hatua kama ishirini hivi."

"Na mfuko?"

"Mfuko ubaki. Wenyewe hauogopi."

Nikapanda kwa miguu nikishikilia nyasi, kila kiatu kimebeba udongo wake, huku nikimtazama. Alirudi nyuma kidogo, akaingiza gia ya kwanza, akasimama juu ya vikanyagio. Magoti yalibana tangi. Viwiko vilichomoza nje kama vya mtu anayejipenyeza sokoni siku ya mnada. Macho hayakuwa kwenye tope lililo mbele ya gurudumu, yalikuwa juu kabisa, pale njia inapokatikia. Gurudumu la nyuma lilipoanza kuserereka kushoto hakugusa breki. Aliliacha liende linakotaka, kisha akaongeza moto taratibu, likarudi. Alipofika juu alinisubiri akipangusa taa kwa kiganja, wala hakuwa na habari kwamba amefanya jambo.

Mkao ule una historia, na ina kilima chake. Kwa bahati mbaya hakipo Songwe. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2016 ukiwa na mpaka wenye malori mengi kuliko mahali pengi nchini, una kahawa, una reli ya TAZARA, una vijana wa bodaboda wasiohesabika, ila uwanja wa motokrosi hauna. Anayetaka kuuona uwanja wa namna hiyo bila kutoka Afrika Mashariki aende Nairobi, Jamhuri Park, au Uganda, kule Busiika kaskazini ya Kampala na Garuga karibu na Entebbe. Lakini uwanja ninaotaka kuukumbuka hapa uko Ubelgiji, katika mji wa Namur, na pikipiki zilinguruma pale tangu 1947 hadi 2007. Nimeuchagua kwa sababu moja: ni uwanja ambao hakuna aliyeujenga.

Sisi wa Mbozi jambo hilo halitupi shida kulielewa. Pale Ndolezi, kwenye kilima cha Marengi, kimelala kimondo chetu cha tani zipatazo 16, chuma kitupu chenye nikeli kidogo. Vitabu huandika kwamba kilivumbuliwa mwaka 1930 na mpima ardhi mmoja aitwaye Nott, kana kwamba wenyeji walikuwa wakikizunguka miaka yote wamefumba macho. Hakuna aliyekichonga wala aliyekileta. Watu walikikuta, wakakiheshimu, na baadaye serikali ikaja kukizungushia uzio. Namur nayo ilikutwa vivyo hivyo, ila uzio haikuwekewa, na huko mbele tutaona hilo liliigharimu nini.

Namur umekaa pale mito miwili inapokutana, Sambre ikimwaga maji yake kwenye Meuse. Juu ya makutano hayo kuna kilima kirefu cha mawe, na juu ya kilima kuna ngome. Mahali pa namna hii hapakosi kugombewa. Mwaka 1692 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuja mwenyewe na fundi wake wa ngome, Vauban, akaiteka. Mwaka 1695 William wa Tatu wa Uingereza akaichukua tena. Kila aliyeingia aliongeza ukuta wake, akachimba handaki lake, akakata njia yake ya kupitishia mizinga, hata kilima kikawa kama kichuguu: mashimo ndani, miteremko nje, na vijia vinavyopishana kila upande.

Mwishoni mwa karne ya 19 ngome za mawe zilikuwa zimepitwa na mizinga mipya, na jeshi likaanza kupaachia. Hapo anaingia mtu ambaye majirani zetu wa Kongo hawahitaji kutambulishwa kwake: Mfalme Leopold wa Pili. Alipenda kilima kile kigeuzwe bustani ya matembezi, chenye barabara za kuzungukazunguka na miti ya kivuli. Mwaka 1910 ukafunguliwa pale juu uwanja wa michezo wenye majukwaa ya mawe. Leopold hakuuona, alikuwa amekufa Desemba 1909. Ni vigumu kwa Mwafrika kuusifu ukarimu wa mfalme yule kwa raia zake bila kujiuliza fedha zilikuwa zinatoka wapi, nami sitajaribu.

Agosti 1914 Wajerumani walizivunja ngome zilizouzunguka mji ule kwa mizinga mikubwa katika siku chache. Vita hiyo hiyo iliwafikisha Wabelgiji kwetu: jeshi lao la Kongo liliingia Tabora Septemba 1916. Vita ya pili ilipokwisha, Ubelgiji ilibaki na vitu vitatu kwa wingi, yaani vijana waliochoka kukaa ndani, pikipiki za jeshi zilizouzwa rahisi, na viwanda vya silaha ambavyo sasa vilitaka kazi nyingine.

Hicho cha tatu hakisemwi vya kutosha. Pikipiki ya kwanza kutawala mchezo huu haikutoka kwa watengeneza baiskeli, ilitoka kwa watengeneza bunduki. Waingereza walikuja na BSA, na herufi hizo ni kifupi cha kiwanda cha bunduki ndogo cha Birmingham. Waswidi walikuwa na Husqvarna, kiwanda kilichoanza na silaha mwaka 1689. Wabelgiji walikuwa na FN ya Herstal, karibu na Liège; ni FN ile ile ambayo bunduki zake zimebebwa na majeshi mengi ya Afrika. Ajuaye kutoboa mtutu ulionyooka anajua pia kutoboa silinda. Kwa hiyo pikipiki za viwanda vya bunduki zilikwenda kushindana juu ya ngome, na hakuna aliyeona ajabu.

Mchezo wenyewe haukuanzia Ubelgiji. Uliibuka Uingereza, Camberley, tarehe 29 Machi 1924. Klabu moja ya kusini ilitaka mbio za porini zisizo na majaji wa kuhesabu nani kaweka mguu chini; atakayetangulia kufika ndiye mshindi, basi. Waingereza wakauita kwa neno lao la kuparamiana. Wafaransa na Wabelgiji ndio waliochukua "moto", yaani pikipiki, wakaliunganisha na mbio za nyika, likazaliwa neno ambalo dunia nzima inalitumia sasa. Mwaka 1947 Waholanzi walialika mataifa kwenye mchanga wa Wassenaar kwa mashindano ya kwanza ya timu, na Uingereza ikashinda. Mwaka huo huo wa 1947 ndipo watu wa Namur walipotazama juu kwenye kilima chao na kuona kwamba kazi yote imeshafanywa.

Hebu tuuzunguke mzunguko mmoja, maana bila hivyo historia yake haieleweki.

Mstari wa kuanzia ulikuwa kwenye uwanja wa michezo, ule wa 1910, mbele ya majukwaa. Pikipiki thelathini na kitu zimejipanga bega kwa bega, injini zinavuma, na mbele yao kuna eneo pana, lenye ukarimu, kama la gwaride. Ukarimu huo haukudumu. Baada ya muda mfupi njia ilibanwa ikaingia msituni, na tangu hapo dereva alikuwa anaendesha katikati ya miti mikubwa, mizizi imetoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Kisha mteremko. Wanaoijua Namur huongea zaidi kuhusu miteremko kuliko milima, kwa sababu kupanda unahitaji nguvu ya injini, lakini kushuka kati ya mti na mti kwenye udongo ulioloana unahitaji kitu ambacho hakiuzwi. Ghafla unatokea kwenye lami, barabara ya kawaida ya magari ya watalii. Unaivuka, matairi ya meno yanateleza kama kwato kwenye sakafu ya saruji, halafu unaingia tena kwenye tope upande wa pili. Udongo, mawe, lami, mizizi, kivuli, jua, tena kivuli. Macho hayapati muda wa kuzoea.

Na katikati ya yote hayo kulikuwa na mkahawa. Unaitwa Chalet du Monument, na njia ya mashindano ilipita ubavuni mwake. Haukufungwa siku ya mbio. Kinyume chake, siku hiyo ndiyo ulikuwa na wateja. Watu walikaa na glasi zao, pikipiki zikipita karibu kiasi cha kuwarushia udongo mezani.

Watazamaji walisimama popote mguu uliposhika. Waliegemea miti ile ile ambayo dereva alikuwa anaikwepa, na ukimsikiliza mtu aliyekuwepo atakwambia alichokumbuka zaidi ni sauti, namna mngurumo ulivyokuja kutoka bondeni, ukapotea nyuma ya ukuta wa ngome, ukaibukia mgongoni kwake. Waandishi wa michezo waliiita Monaco ya motokrosi. Sina ugomvi na sifa hiyo, ingawa Monaco ni barabara za matajiri na hapa palikuwa tope la watu wote.

Mwaka 1951 mashindano ya mataifa yaliletwa Namur. Waingereza walikuwa wameshinda mara tatu kati ya nne zilizotangulia. Ubelgiji ilishinda nyumbani, na timu ilimjumuisha Victor Leloup, mpanda FN. Mwaka uliofuata, 1952, ulipoanzishwa ubingwa wa Ulaya wa pikipiki za cc 500, bingwa wa kwanza alikuwa Leloup huyo huyo. Auguste Mingels, Mbelgiji mwingine, akachukua 1953 na 1954. Mashindano yalipopandishwa daraja kuwa ya dunia mwaka 1957, Mswidi Bill Nilsson alitangulia, lakini 1958 René Baeten akaurudisha ubingwa Ubelgiji juu ya FN. Miaka miwili baadaye, Juni 1960, Baeten alikufa kwenye mashindano huko Stekene. Alikuwa kijana bado. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akadhani nasimulia mchezo wa kitoto.

Sasa tuongee kidogo habari za mashine, kwa faida ya mafundi wa pale stendi ambao najua watanikosoa.

Pikipiki za miaka ya 1950 zilikuwa nzito, za mipigo minne, na shokapu zake zilikuwa fupi mno. Ukiruka nayo ilikurudishia kila kitu mgongoni. Jeff Smith wa Uingereza alichukua ubingwa wa cc 500 mwaka 1964 na 1965 juu ya BSA ya mipigo minne, na baada yake mlango ukafungwa. Mwaka 1966 Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki alikuja na CZ ya Chekoslovakia, nyepesi, ya mipigo miwili, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi wa bluu. Wazee wa hapa wanaujua moshi huo. Ndio wa Suzuki A100 na Yamaha AG100, pikipiki za bwana shamba na watu wa misheni, zilizosikika kijijini kabla hazijaonekana. Tangu mwaka ule haikupatikana tena pikipiki ya mipigo minne iliyotwaa ubingwa wa cc 500 hadi 1993, alipoutwaa Jacky Martens. Naye ni Mbelgiji.

Jambo la shokapu ni tamu zaidi. Tazama Boxer yoyote iliyoegeshwa kijiweni: nyuma ina shokapu mbili, moja kila upande. Tazama pikipiki ya mashindano: ina moja tu, imefichwa katikati. Aliyeanzisha mpango huo kwenye motokrosi ni mhandisi wa Liège, Lucien Tilkens, mtu wa darasani zaidi kuliko wa tope. Yamaha ilimsikiliza, ikanunua wazo lake, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Uswidi akawa bingwa wa cc 250 juu ya Yamaha yenye shokapu moja. Miaka michache tu na gurudumu la nyuma likaweza kupanda na kushuka urefu ambao zamani ungevunja chesisi. Madereva wakaanza kuruka mbali, na hapo ndipo kilima cha Namur kilipoanza kuwa kidogo, ingawa bado hakuna aliyelitambua.

Hiyo ndiyo ilikuwa enzi ya Roger De Coster. Alizaliwa mwaka 1944 na akachukua ubingwa wa cc 500 mara tano juu ya Suzuki: 1971, 1972, 1973, 1975 na 1976. Katikati, mwaka 1974, aliunyakua Heikki Mikkola wa Ufini, ambaye alirudi kuuchukua tena 1977 na 1978. De Coster alikuwa mtu wa mazoezi na nidhamu. Mwenzake Joël Robert, bingwa wa cc 250 mara sita, alikuwa kinyume chake kabisa, mvutaji sigara, mpenda starehe, mwenye kipaji kilichomtosha bila mazoezi. Wabelgiji waliwapenda wote wawili, na nadhani kila mtu alijiona katika mmoja wao.

Wabelgiji ni watu wachache. Nchi yao yote ingeingia mara nyingi ndani ya Tanzania na nafasi ikabaki. Hata hivyo orodha ya mabingwa wao inachosha kuihesabu. André Malherbe, mzaliwa wa Huy, mji ulio ukingoni mwa Meuse hiyo hiyo, alichukua cc 500 mwaka 1980, 1981 na 1984 juu ya Honda. Georges Jobé akafuata, akiwa na mataji matano kwa jumla. Eric Geboers akawa wa kwanza duniani kuwa bingwa wa madaraja yote matatu, cc 125, cc 250 na cc 500, hata akapewa jina la utani la Bwana 875, jumla ya hizo tatu. Stefan Everts, mtoto wa bingwa Harry Everts, alistaafu mwaka 2006 akiwa na mataji 10 ya dunia na ushindi wa Grand Prix 101. Mtu anayekulia mahali ambapo kila kiangazi mabingwa wanapita kati ya miti, bila wavu, bila ukuta, karibu kiasi cha kuonja vumbi lao, hana haja ya kuhubiriwa.

Huwa najiuliza kwa nini huku kwetu mambo yalichukua njia nyingine. Jibu nimelikuta kwenye kisa cha Wazungu wa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na uwanja wa mbio za magari uitwao Langa Langa, karibu na Gilgil kwenye Bonde la Ufa. Neil Vincent alimwomba binamu yake, Eric Cecil, ashiriki pale. Cecil alikataa, kuzunguka mahali pamoja kama ng'ombe wa kukamua mafuta hakukumvutia. Akasema ikiandaliwa safari ya kufunga mlango wa gari, kwenda nusu ya Afrika na kurudi, wa kwanza kufika ndiye mshindi, hiyo atakuja. Kutokana na mzaha huo ikazaliwa Safari ya mwaka 1953, iliyoanza mwishoni mwa Mei kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Langa Langa ikasahaulika. Safari ikawa jina la dunia, na Tanzania ikapata sehemu yake ya utukufu pale Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi na kufanya kazi nchini, aliposhinda mwaka 1966 na 1967 juu ya Peugeot 404.

Cecil alikuwa na hoja. Ulaya ya wakati ule barabara zilikuwa laini, kwa hiyo aliyetaka taabu alilazimika kuitafuta na kuizungushia kamba. Huku taabu ilikuwa bure, imemwagwa kutoka Nairobi hadi Tunduma. Katikati ya miaka ya 1960, Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake na Zambia ikakatiwa njia ya kusini, malori ya mafuta yalipita hapa hapa Vwawa kutoka Dar es Salaam juu ya barabara ya udongo iliyoitwa njia ya jehanamu. Madereva wale hawakupewa vikombe. Mtu akiwa na barabara ya namna hiyo mlangoni kwake, ajenge uwanja wa nini?

Narudi Namur, mwaka 1988.

Mwaka huo ulianza vibaya kwa Wabelgiji. Januari, kwenye mbio za Paris hadi Dakar, Malherbe alianguka jangwani huku Afrika, akapooza. Aliishi hadi 2022, lakini hakutembea tena. Kiangazi kilipofika, watu walipanda kilimani kama kawaida. Miongoni mwa washindani alikuwamo Håkan Carlqvist, Mswidi mrefu, mbavu nene, mwenye hasira za karibu na moyo mkubwa, bingwa wa cc 250 mwaka 1979 na wa cc 500 mwaka 1983. Sasa alikuwa na miaka 34, juu ya Kawasaki, na vijana walikuwa wameshamwondoa kwenye hesabu.

Siku ile aliendesha kama mtu aliyerudishiwa ujana kwa mkopo. Aliwaacha wote. Kwenye mbio ya pili ya siku hiyo alikuwa mbele kwa mbali, nyuma yake hakuonekani mtu, mbele yake hakuna wa kumfukuza, na mwisho ulikuwa umekaribia. Alipofika kwenye Chalet du Monument akapunguza mwendo. Akasimama. Watu walidhani pikipiki imeharibika. Akapokea bia, akanywa pale pale juu ya pikipiki, injini inanguruma, saa inahesabu, kisha akarudisha glasi, akatia gia na kwenda kushinda.

Akastaafu na ushindi huo.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na kweli kinachekesha. Mimi hukiona pia kama cheti cha kuzaliwa cha uwanja ule. Hakuna uwanja uliojengwa kwa ajili ya mashindano ambao ungeweza kukizaa. Kwenye uwanja wa kisasa bia iko upande wa pili wa uzio, nyuma ya mlinzi, ukishuka ngazi. Pale Namur mkahawa ulikuwepo kwanza, mbio zikaja baadaye na kuomba zipite ubavuni, na mwenye mkahawa akasema karibuni. Carlqvist alifariki mwaka 2017, na taarifa za kifo chake zilitaja bia hiyo pamoja na mataji yake mawili.

Lakini kitu cha kuazima hurudishwa. Pikipiki ziliendelea kupata nguvu, kuruka kukaongezeka, na mti ambao mwaka 1950 ulikuwa kizuizi sasa ukawa ukuta. Grand Prix ikawa biashara ya televisheni: magari makubwa ya timu yanataka uwanja wa kuegesha, kamera zinataka kuona njia nzima, waandaaji wanataka mlango mmoja wa kukatia tiketi, na daktari anataka apite haraka. Kilima cha Namur kilikuwa cha watu wanaotembea na mbwa wao siku ya Jumatatu. Hukuweza kukikata miti, maana ni bustani ya mji. Hukuweza kukisawazisha kwa greda, maana chini yake kuna mahandaki ya karne nne. Hukuweza kukizungushia uzio, maana hakikuwa chako. Mambo yale yale yaliyokipa uzuri wake ndiyo yaliyokinyima nafasi ya kubadilika. Mwaka 2007 Grand Prix ilifanyika pale kwa mara ya mwisho. Mashindano yakahamia viwanja vya mchanga na vya kutengenezwa, ambako mruko hupimwa kabla ya kumwagwa na kila kona ina sababu yake.

Wapo wanaolia hadi leo, hasa wenye umri wangu. Mimi sidhani kuna aliyekosea. Hakuna njia ya kuiweka Namur hai bila kuifanya isiwe Namur, na waliokuwa na mamlaka walikuwa na adabu ya kuiacha.

Kilima hakikukaa kimya, hata hivyo. Desemba hurudi watu wa mbio, safari hii kwa baiskeli, kwenye kombe la dunia la baiskeli za nyikani. Wanashuka miteremko ile ile kwenye tope la baridi, na mahali pasipopandika wanashuka, wanaitupa baiskeli begani na kukimbia nayo juu, kama sisi tunavyofanya. Hakuna mngurumo, ni kupumua tu na kengele za watazamaji.

Kijana wa bodaboda yule nilikutana naye tena kiangazi kilichofuata, kijiweni, amekaa kwa upande juu ya Boxer yake akisubiri wateja. Nikamwonyesha kwenye simu picha za zamani za Namur, zinazotembea: De Coster anashuka kati ya miti, amesimama juu ya vikanyagio, magoti kwenye tangi, viwiko nje. Aliangalia mara moja, akarudisha mwanzo, akaangalia tena, uso umekazwa kama fundi anayesikiliza injini. Wenzake wawili wakasogea, wakainamia simu.

"Anajua," akasema. Halafu akakunja uso, akanyooshea kidole nyuma ya kiti cha Suzuki ile. "Ila mzee, mzigo wanafunga wapi?"